Si Kila Mwizi wa Kuku ni Kicheche: Kusoma Dalili Kabla ya Kununua Waya

Asubuhi unafungua banda, unahesabu, mmoja hayupo. Au wapo wote, lakini watatu wamelala kwenye maranda, shingo zimetafunwa. Huku kwetu Kisarawe, jirani na msitu wa Pugu, jibu huwa tayari kabla hujamaliza kusimulia: "Kicheche huyo." Kanu, yule mnyama wa madoa anayefanana na paka, akila, kicheche. Kenge akiiba mayai, kicheche. Paka shume wa nyumba ya tatu akibeba kifaranga, naye kicheche. Kicheche mwenyewe ni mnyama mdogo mweusi mwenye mistari mieupe mgongoni na harufu kali ya kujihami, na chakula chake kikubwa ni panya na wadudu. Anasingiziwa mengi.

Ubaya wa jina moja ni kwamba linaleta dawa moja. Mtu anaongeza mbao mlangoni, wiki ijayo analiwa tena, kwa sababu aliyekula hakupita mlangoni. Nimepitia hayo. Mwaka wangu wa pili wa kufuga nilipoteza matetea kumi na moja ndani ya wiki mbili. Nilinunua kufuli jipya, nikazungushia mawe chini ya ukuta, nikalala na tochi. Mlaji alikuwa anapita juu, kwenye uwazi kati ya ukuta na bati, upana wa vidole vinne tu. Ningetazama juu asubuhi ya kwanza ningeona manyoya yamenasa kwenye mbao ya paa. Tangu siku ile sinunui hata msumari kabla ya kumjua ninayemzuia.

Kabla hujagusa kitu

Watoto wasiingie, na usifagie. Hasira inakuambia utupe mizoga haraka. Izuie kwa robo saa. Jiulize: imetokea mchana au usiku? Wangapi wamekufa, wangapi hawapo? Kilichobaki ni nini, na kimeliwa sehemu gani? Kisha zunguka banda mara mbili, mara ya kwanza ukiangalia chini, mara ya pili ukiangalia juu. Tafuta udongo uliochimbuliwa, unyoya ulionasa, mkwaruzo kwenye ubao, bati lililoinuka.

Kama hukupata kitu, jioni hiyo tandaza majivu laini au mchanga mkavu kuzunguka banda, upana wa hatua moja. Asubuhi utasoma nyayo. Unyayo wa paka ni wa mviringo, hauonyeshi kucha, na wa kanu unakaribia huo kwa udogo wake. Wa mbwa na wa nguchiro unaonyesha kucha. Nyegere anaacha alama za kucha ndefu, mbali kabisa mbele ya vidole. Kenge anaacha mstari wa mkia katikati, na nyayo zenye kucha kushoto na kulia. Chatu anaacha mburuzo mpana ulionyooka, kama vile mtu amevuta gunia.

Vifaranga wanapungua mchana, hakuna damu

Hapa washukiwa ni wanne: mwewe, kunguru, nguchiro na paka. Msikilize jogoo wako, maana ana taarifa nzuri kuliko jirani. Akiona kitu angani hutoa mlio mmoja mrefu mwembamba, na kuku wote hukimbilia chini ya kitu au hujibana ardhini. Akiona kitu ardhini hupiga kelele za kukatakata, kokoko-kokoko, huku amenyoosha shingo. Siku mbili za kukaa uani na kusikiliza zinatosha kukuambia adui anatoka juu au chini.

Mwewe huja jua likishapanda. Anashuka mara moja, anachukua mmoja, anaondoka. Kesho anarudi saa ileile, kwa sababu amejua uwanja wako hauna pa kujificha. Uani kulikofagiwa kukawa kweupe kunapendeza macho, lakini kwa kifaranga ni jangwa. Acha vichaka vifupi, panda migomba karibu na banda, weka chanja za makuti zenye kimo cha goti hapa na pale. Kuku mama akiwa na pa kukimbilia huokoa wengi.

Dawa ya uhakika hata hivyo ni kutowaachia kabisa wiki za mwanzo. Vifaranga wa kienyeji wakae kwenye kinengunengu (kibanda cha kulelea vifaranga) au chini ya tenga, na wasizurure hadi wafikishe kama wiki nane. Tenga la kufunika ni la zamani na ni rahisi, ila lina sharti moja ambalo watu husahau: liwekewe jiwe juu. Paka na nguchiro wanalipindua. Na usiliache juani, maji yawemo ndani muda wote. Wako wafugaji wanaopaka vifaranga rangi ya waridi au zambarau ili mwewe asiwatambue. Inaweza kumchanganya kwa muda, lakini mimi nisingeiwekea tegemeo, ndege huyu hujifunza.

Kunguru ni habari nyingine, hasa kwa wenzangu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa kwetu kwa asili. Waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani nzima. Kenya ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja, kwa hiyo usione aibu kwamba wamekushinda. Tofauti yao na mwewe ni kwamba wanakuja kikundi: wawili wanamchokoza mama mbele, wa tatu anabeba kifaranga nyuma. Vitu vya kung'aa na sanamu ya mtu vinawatisha siku chache tu. Kinachowazuia ni kufunika juu. Na huku pwani tuna bahati: nyavu chakavu za wavuvi zinapatikana kwa bei ndogo kwenye madiko. Zivute zikaze sana juu ya uwanja wa vifaranga. Wavu uliolegea hunasa ndege wasio na hatia, na nyoka pia.

Kama jogoo anapiga kelele ya ardhini, na vifaranga wanatoweka mmojammoja karibu na uzio wa miti au rundo la mabanzi, fikiria nguchiro. Yule mwembamba mwenye ncha nyeusi ya mkia huwinda mchana peupe. Ondoa rundo hilo. Hakuna unachoweza kununua kitakachokusaidia kuliko kumnyima maficho mita kumi kuzunguka banda.

Panya nao wasisahauliwe, ingawa wao hufanya kazi usiku. Kifaranga mchanga akivutwa kwenye shimo la pembeni, au mama anayelalia akakutwa na majeraha miguuni, huyo ni panya.

Wengi wameuawa usiku, wachache ndio walioliwa

Hii ndiyo asubuhi inayoumiza kuliko zote. Unakuta kuku wanane chini, na aliyeliwa ni mmoja tu. Watu husema mnyama amefanya makusudi, au ametumwa. Sivyo. Porini mawindo yakikurupuka, mengine hukimbia na mwindaji hubaki na mmoja. Ndani ya banda lililofungwa hawana pa kwenda. Wanarukaruka mbele yake, na silika ya kuua haizimiki mpaka kila kitu kitulie. Tazama majeraha.

Kama ameng'atwa shingoni au kichwani, kichwa kimeliwa, kifua kimefunuliwa, na banda halina uharibifu wowote, ni kanu, au nguchiro yule mkubwa wa usiku mwenye mkia mweupe. Kanu ana madoa na mkia mrefu wenye pete. Anapanda mti, anatembea juu ya paa, na pakipita kichwa chake mwili unafuata. Kwa hiyo kipimo chako kiwe ngumi ya mtoto: penye uwazi unaopitisha ngumi ya mtoto mdogo, kanu anapita. Uwazi wa chini ya paa usiuzibe kwa mbao, utawaua kuku kwa joto na harufu kali ya kinyesi. Uzibe kwa wavu wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi, upigiliwe na mabanzi juu yake ili using'oke. Kata matawi yanayogusa paa.

Kama ubao umepasuliwa, wavu umechanwa, au kuna shimo lililochimbwa chini ya ukuta kwa nguvu, ni nyegere. Huyu ndiye anayenisumbua akili kuliko wote, kwa sababu ana nguvu, haogopi mbwa, na akishajua banda lako hurudi. Ule waya wa kuku mwembamba wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku kutoka. Hauwezi kumzuia anayetaka kuingia. Kwa nyegere unahitaji mambo matatu kwa pamoja. La kwanza, wavu mzito. La pili, chini: laza wavu ardhini kuelekea nje, upana wa nusu mita hivi, uufukie kidogo kwa udongo na mawe. Mchimbaji huanza kuchimba pale ukutani. Akikutana na wavu mara nyingi harudi nyuma nusu mita aanzie huko. Hii ni rahisi kuliko kumwaga zege, na inazuia mbwa na mbweha pia. La tatu, mlango: komeo lenye pini au kufuli, maana ndoano ya kuning'iniza anaifungua.

Na kama mizoga imesambaa uani, imetikiswa na kuchanika mgongoni, manyoya kila mahali, na karibu hakuna kilicholiwa, punguza hasira na msitu. Huyo ni mbwa. Mara nyingi ni mbwa wa jirani, na wakati mwingine ni wako mwenyewe. Zungumzeni kama majirani, mkiwa na ushahidi wa nyayo.

Kuku yumo ndani, lakini mguu au kichwa hakipo

Hakuna kilichoingia. Kuku alilala ameegemea wavu, na mnyama akamvuta kupitia tundu. Kanu, paka na nguchiro wote hufanya hivyo. Ama weka ukuta wa mabanzi au tofali kimo cha nusu mita kutoka chini kisha wavu uanzie hapo, ama sogeza vichanja vya kulalia katikati ya banda, mbali na ukuta. Ni kazi ya nusu siku.

Wanaolala juu ya mwembe hukutwa wamekatwa kichwa na bundi mkubwa. Usimwue bundi huyo, wala usimwogope kwa yale yanayosemwa juu yake. Usiku mwingine wote anakula panya wako. Walaze kuku ndani.

Mayai

Yai lililotobolewa tundu moja lenye kingo zilizochanika, karibu na kiota, mchana: kunguru. Mayai yote yametoweka, hakuna hata ganda: nyoka, kenge, au mtoto wa jirani. Ganda tupu lililofinywa likiwa kavu ndani, limetemwa pembeni: nyoka mla mayai, ambaye hana sumu na hamdhuru yeyote, mwondoe kwa fimbo ndefu umwache aende. Maganda yamevunjika kando ya jiwe au nguzo: nguchiro, ambao wana mtindo wa kulishika yai na kulirusha nyuma kati ya miguu yao lipigwe kwenye kitu kigumu. Ute umepakaa kwenye viota na midomo ya matembe: kuku wenyewe. Hapo huna adui wa porini, una upungufu wa chokaa. Wape maganda ya konokono wa baharini au ya mayai yaliyosagwa, na okota mayai mara mbili kwa siku.

Kenge huja mchana, hasa karibu na mto au bwawa, na hupenda viota vya bata. Viinue viota hivyo, na sehemu ya chini ya mlango ipigiliwe bati laini kimo cha mita moja. Makucha yake hayashiki kwenye bati.

Hayupo, na hakuna hata unyoya

Kuku mkubwa ni nadra kupotea bila unyoya isipokuwa kwa wawili. Wa kwanza ni chatu. Mara nyingi unamkuta bado yumo, amejikunja kwenye kona na uvimbe tumboni, kwa sababu tundu aliloingilia halimtoshi tena kutokea. Usimpige panga. Funga mlango, toa kuku wengine, ita afisa wanyamapori wa wilaya.

Wa pili ana miguu miwili. Huchagua jogoo mzito, hulifunga komeo vizuri anapotoka, na mbwa hawakubweka kwa sababu wanamjua. Kwa huyo mwongozo wangu unaishia hapa.

Siafu

Kuna asubuhi utakuta vifaranga wote wamekufa ndani, mama amejibana kona, macho na ngozi vimetafunwa, na mwizi hayuko. Ni siafu, hasa mvua zikianza. Watu wengi hawawahesabu kama wanyama wanaokula kuku, lakini wanaua kila kilichofungwa. Kuku aliye huru hukimbia. Aliyefungiwa, au aliyefungwa kamba kwenye kiota ili alalie, hana njia. Ndiyo maana nawasihi wanaofunga kuku kamba waache. Vivyo hivyo mbwa kwenye mnyororo, sungura kwenye kizimba na simbilisi kwenye boksi.

Ukisikia kuku wanahangaika saa nane za usiku bila kelele ya mnyama, toka na tochi. Fungua mlango kwanza, uliza maswali baadaye. Toa vifaranga wote, waondoe siafu kwa mkono, kisha tandaza majivu ya moto kwenye njia yao mbali na banda. Banda la kuinuliwa kwa miguu mita moja, kila mguu ukiwa ndani ya kopo la oili chafu, linawazuia mwaka mzima ilimradi majani hayagusi banda na kopo halijai maji ya mvua. Mguu huohuo ukivishwa bati lililokunjwa kama faneli lililopinduliwa, panya nao hawapandi.

Mbwa na paka

Kwa wanaoishi kando ya hifadhi au misitu, chui ndiye tishio la mbwa. Huja kimya, na asubuhi unakuta mnyororo umekatika au kola tu. Mbwa wa kulinda usiku asifungwe mnyororo nje. Akae kwenye kibanda chenye paa na mlango, au aachwe huru ndani ya uzio. Taa zinazowaka na kuzima zinasaidia. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alitengeneza taa za namna hiyo akiwa na miaka 11 kuwazuia simba wasiingie kwenye zizi la ng'ombe, kwa paneli ya jua, betri ya gari na kifaa cha indiketa ya pikipiki. Siri yake ni kwamba mwanga ulihama, ukaonekana kama mtu anayetembea. Taa moja isiyosogea wanyama huizoea.

Mbwa akirudi anafikicha macho kwa miguu, macho mekundu yamevimba, ametemewa sumu na nyoka aitwaye swila. Mmiminie maji safi mengi, yatiririke kwa dakika kumi na tano au zaidi, umzuie asijikune, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Maji ya haraka ndiyo yanayookoa jicho.

Wamekufa bila jeraha

Manyoya mazima, hakuna tone la damu, kinyesi cha kijani, shingo imepinda, na kesho wanakufa wengine. Acha kutafuta mnyama. Huo ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Chanjo ya matone ya macho, irudiwe kila baada ya miezi mitatu, ina thamani kuliko wavu wote niliouzungumzia. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina. Ukiitupa nyuma ya nyumba unawaita mbweha na mbwa waje kukagua banda lako.

Sumu, hapana

Najua kishawishi. Umepoteza kuku kumi, duka la pembejeo lipo jirani, kipande cha nyama hakikosekani. Nyama yenye sumu haichagui. Inaua mbwa wako, paka wa jirani, tai waliokuja kusafisha mzoga, na mtoto anayeokota vitu yuko hatarini zaidi ya kanu. Tena kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kwa Tanzania, na Kenya wana yao ya 2013. Mnyama mkubwa au anayerudi kila usiku, toa taarifa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Kenya ni KWS, shirika lao la wanyamapori. Na hata ukimwua huyu, eneo likibaki wazi mwingine anahamia. Tundu ndilo linalomleta.

Jambo moja lisisubiri. Ukimwona nguchiro, mbweha au nyegere mchana, hamwogopi mtu, anayumba au anang'ata ovyo hata mawe, usimkaribie na usimruhusu mbwa amkamate. Huenda ana kichaa cha mbwa. Mbwa na paka wako wapate chanjo ya kichaa kila mwaka. Mtu aking'atwa au akikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili ukitazama saa, usilifunge, na mfike hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano.